Akuwam Alipoposa Chuo Kikuu

Watu wa Lodwar wanaomkumbuka Mwalimu Losike humtaja kama mtu aliyeshindwa kwenda Marekani. Nimewasikia kwa masikio yangu, tena humu humu hotelini kwangu, huku wakitafuna chapati zangu. "Alikuwa na kichwa, lakini baba yake mshamba akamharibia." Mara ya kwanza nilinyamaza, maana mteja ni mteja. Mara ya pili nilimwondolea mtu sahani akiwa bado anakula. Kwa hiyo acha nisimulie mimi, Wahu wa Gitau, niliyekuwapo, na anayetaka kubisha akabishe kwingine akiwa ameshiba.

Nililetwa Lodwar na mume wangu, dereva wa lori la Wizara ya Ujenzi. Miaka ile mfanyakazi wa serikali akihamishiwa Turkana, ndugu zake walimlilia kama mtu anayepelekwa jela. Wenyeji nao walituita watu wa kutoka Kenya, kana kwamba wao wako nchi nyingine, na ukiitazama barabara tuliyoijia hungewalaumu. Gitau alinijengea hoteli ya mabati karibu na posta. Mchana ilikuwa tanuri, lakini chai yangu ilikuwa nzuri, na kila aliyekwenda kuulizia barua alipitia kwangu.

Ndivyo nilivyomjua Losike. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kakuma, mwalimu asiye na cheti, aliyemaliza kidato cha sita huko chini, nje ya Turkana, mwaka 1974 na kurudi nyumbani kufundisha huku akitafuta chuo. Vijana wa Kiturkana waliofika kidato hicho wakati ule ungewaketisha kwenye benchi moja, wakabakiwa na nafasi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole wa kusema, na alikuwa na shati moja jeupe alilolifua jioni na kulivaa asubuhi. Kila mwisho wa mwezi alipanda lori la misheni kuja Lodwar kuchukua mshahara na kuulizia barua, na kama lori halirudi siku hiyo alilala kwenye benchi langu. Mimi nilimwita mwalimu. Yeye aliniita mama, ingawa kwa umri ningekuwa dada yake tu.

Mwalimu mmoja wa kujitolea, Mmarekani, alikuwa amemwachia anwani ya chuo kikuu cha umma katika jimbo moja la kwao lenye ardhi kame. Losike aliitunza anwani hiyo kuliko alivyolitunza shati.

"Wanasoma nini huko?" nilimwuliza.

"Majani, mama. Majani na mifugo. Kuna profesa wa mbuzi."

Nilicheka hadi nikaweka birika chini. Profesa wa mbuzi! Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba kila ukame unapoingia, hutumwa mtaalamu kijana kutoka Nairobi, mwenye viatu vyeusi, akawaambia wazee wapunguze ng'ombe, kisha akapanda ndege akarudi. Wazee humsikiliza kwa adabu na hawafanyi chochote, kwa sababu mtu yule hajui hata mto upi huwa na maji chini ya mchanga.

"Mimi nataka siku moja mtaalamu akija, wazee wamuulize wewe ni wa kwa nani, naye aweze kujibu," alisema.

Hapo nilijua kwamba kijana huyu hakuwa anatafuta Marekani ya kupigia picha. Niliipangusa meza vizuri, nikamwambia aandike maombi yake hapo hapo, na atakayemwagia chai karatasi zile atanijua mimi ni nani.

Kuomba chuo cha Marekani ukiwa Turkana kulikuwa kazi ya mwaka mzima. Matokeo ya mitihani yalitafutwa Nairobi. Barua za walimu wake wa zamani zilikawia njiani. Kulikuwa na mtihani wa Kiingereza alioufuata Nairobi, akasafiri juu ya magunia hadi Kitale, akarudi na mafua na matumaini. Mapema mwaka 1976 jibu likaja. Kwa upande wa masomo walikuwa wamemkubali. Alisoma akiwa amesimama, akaketi, akasoma tena, kisha akanipa mimi nisome, mimi ambaye Kiingereza changu ni cha kuhesabia soda. Nilimkumbatia vivyo hivyo.

Limebaki jambo moja, alisema. Chuo kilitaka hati ya kiapo kutoka kwa baba yake, iliyoandikwa mbele ya afisa wa serikali, ikieleza mali aliyo nayo, ili ijulikane kwamba mwanafunzi huyu ana watu wa kumtunza angalau mwaka wa kwanza. Bila hati hiyo wasingeweza kumtumia karatasi ya kuombea viza. Ilitakiwa afisa mwenyewe aifunge na kuituma, mwombaji asiiguse.

Wala hatukuona tatizo. Baba yake, mzee Akuwam, alikuwa mtu mwenye mifugo upande wa Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda. Ngamia walikuwapo, ng'ombe walikuwapo, mbuzi ndio usiseme. Tena alikuwa na marafiki wa mifugo, wale wanaopeana wanyama leo na kuombana kesho, kutoka milimani hadi Lowarengak ziwani. Mturkana haweki mali yake mahali pamoja, huiweka kwa watu.

Kazi ilikuwa kumweleza mzee. Losike alikwenda nyumbani, akamweleza habari za ada, mzee akasema sijaelewa. Akamweleza habari za viza, mzee akasema sijaelewa kabisa. "Hao watu wa mbali," aliuliza, "wanataka kujua mifugo yangu ya nini? Wanataka kuja kuiteka?" Losike akakwama. Kisha akapata neno.

"Apa," alimwambia baba yake kwa lugha yao, "ni kama posa. Wana binti. Mimi wamenipenda, lakini wanataka kwanza kujua nimetoka kwa watu wa namna gani."

Mzee akainuka. "Sasa umesema kitu. Kwa nini ulikuwa unazungukazunguka?"

Losike alinisimulia hayo akicheka, na mimi nikamsifu kwa werevu wake. Tulifurahi kama watu waliokwisha kufika.

Akuwam akaja Lodwar. Nakumbuka alivyoingia mlangoni kwangu, maana alilazimika kuinama kwa sababu ya unyoya wa mbuni uliosimama kwenye kilemba chake cha udongo uliofinyangwa juu ya nywele na kupakwa rangi upya. Alikuwa na shuka mpya, fimbo yake, na kile kigoda chao kidogo cha mbao ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto. Mkononi alibeba mzigo mzuri wa tumbaku.

"Ejok, mama," alinisalimu.

"Ejok, mzee. Karibu chai."

Alikunywa chai yenye sukari nyingi, akaisifu. Losike akasimama amsindikize ofisini. Mzee akamzuia kwa fimbo, akanigeukia mimi kwa Kiswahili chake ili nami niwe shahidi. "Mama, huyu kijana hapana jua kitu. Yeye iko bwana arusi. Bwana arusi naweza kaa kwa maneno ya ngombe?"

"Hawezi, mzee," nikasema. Hata kwetu hakai.

"Apa, sema tu ukweli," Losike akamwomba.

"Nitasema yanayofaa kusemwa," mzee akajibu, akatoka.

Basi Losike akabaki kwangu, anakunywa chai juu ya chai, na baba yake akaingia kwa mkuu wa tarafa, ambaye sote tulimwita DO. Alikuwa kijana wa Kikamba aitwaye Mutua, msafi, mkweli, aliyevaa tai katika joto lile. Mkalimani alikuwa askari wa ofisi, Ethuro, Mturkana wa hapa hapa mjini. Mzee hakukawia sana. Alirudi akiwa na uso mzuri, wino wa zambarau kidoleni, na mzigo wake wa tumbaku bado mkononi.

"Imeanza vizuri," alisema, na alipoulizwa zaidi akasema hayo ni ya wazee. Akaondoka siku hiyo hiyo kurudi Lokiriama.

Imeanza. Neno hilo lilipita mbele yetu sote wawili na hakuna aliyelishika.

Miezi ikapita. Losike alianza kuwafundisha watoto wa Kakuma majina ya majimbo ya Marekani, na mimi nilianza kumnenepesha, maana niliambiwa huko kuna baridi. Barua ikaja, nyembamba. Aliifungulia mezani pangu. Niliona macho yake yakifika chini ya ukurasa, yakarudi juu, yakafika chini tena.

"Mama," alisema taratibu, "wanasema kwa mujibu wa kiapo cha baba yangu, hana ng'ombe hata mmoja. Wanasema anaishi kwa kula makoma."

Makoma ni yale matunda magumu ya mkoma, chakula cha siku mtu amekosa kila kitu. Nilidhani ni mzaha. Kumbe sivyo. Barua ilisema kwamba kwa masikitiko hawawezi kumpokea mwanafunzi asiye na mtu wa kumtunza.

Alitoka bila kofia, akarudi na Ethuro, akamketisha. Sikumpa chai.

"Apa alisema nini mle ndani?"

Ethuro akavua kofia yake ya kazi. "Mwalimu, mimi iko kazi ya maneno. Mzee nasema hapana ngombe, mimi nasema hapana ngombe."

Alitusimulia yote. Akuwam aliingia, akaweka tumbaku juu ya meza, kama inavyowekwa mbele ya baba wa binti. Mutua akairudisha haraka, akasema ofisi hii haili hongo. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima: kumbe wakwe hawa ni wagumu, wanakataa hata tumbaku ya siku ya kwanza. Akajiandaa. Mutua akamwuliza ana ng'ombe wangapi. Mzee akasema ng'ombe wamekufa wote kwa maradhi. Ngamia? Wametekwa na adui. Mbuzi? Wamebaki wawili, wamekonda, na mmoja ni kipofu. Mutua, ambaye roho yake ilikuwa nzuri, akamwambia afikiri tena kwa sababu jambo hili ni kubwa kwa mwanawe, na kila alipomhimiza, mzee alizidi kuwa maskini, hadi akafika kwenye makoma. Mutua alikaribia kulia. Akaandika, akamsomea, mzee akakubali, akaweka kidole.

Kwa Waturkana, siku ya kwanza ya posa upande wa mwanamume hauna kitu. Hauna kabisa. Mtu anayetaja mali yake siku hiyo ni mpumbavu, au anawadharau wakwe, kana kwamba amekuja dukani. Wakwe nao hukasirika, hukataa, huwafukuza wageni. Siku ya pili unarudi na mnyama mmoja aliyepatikana kwa muujiza. Wanakataa tena. Mazungumzo hujengwa hivyo, siku kwa siku, mpaka mifugo inajaa uwanja na watu wanaimba. Akuwam alikuwa ameposa kwa njia hiyo, na baba yake kabla yake.

"Wewe ulijua anaposa?" Losike alimwuliza Ethuro.

"Nilijua. Nilifikiri DO pia iko jua! Watu yake hapana lipa mahari?"

Na kweli wanalipa. Wakamba wanalipa, na sisi Wakikuyu tunalipa, na kwetu pia wazee hujifanya hawana hata kuku. Mutua mwenyewe angemwona mzee yule kijijini kwao Machakos jioni ya posa, angemwelewa kabla hajamaliza sentensi. Lakini alikuwa mezani pa serikali na kalamu mkononi, na hapo mtu husikia namna nyingine.

Losike aliikunja barua. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Ni mimi niliyemwambia ni posa."

Kesho yake alitembea kuelekea Lokiriama kumwambia baba yake. Hakufika. Mbele kidogo ya Lorugum aliona vumbi, na ndani ya vumbi alimwona baba yake anakuja, na nyuma ya baba yake mifugo.

"Wamekataa, apa," Losike akamwambia.

Mzee akapiga paja kwa furaha. "Nilijua! Watu wenye heshima hukataa kwanza. Sasa twende tukaongee."

Miezi yote ile tuliyokuwa tunangoja barua, Akuwam alikuwa anapita kwa marafiki zake wa mifugo, mmoja baada ya mwingine, anaomba. Walimpa bila karatasi na bila shahidi. Walipoingia Lodwar, mji ulisimama. Ng'ombe walijaza njia kutoka mtoni hadi uwanja wa ofisi. Ngamia walinyoosha shingo na kung'oa maua ya Bwana DO ukutani. Mbuzi waliingia hadi jikoni kwangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwapiga. Walikuja wazee na vijana wao, na mmoja, Lomuria wa Lowarengak, alileta punda wenye mizigo ya samaki wakavu, akisema samaki si mahari lakini mkono mtupu haulambwi. Wakakaa kwenye vigoda vyao mbele ya ofisi, wamejipamba, wakangoja wakwe watoke.

Mutua alitoka. Alisimama pale ngazini muda mrefu.

"Hii mali yote ni ya nani?" akauliza.

"Ni ya ule mzee ya makoma," Ethuro akajibu.

Mutua hakuwa mtu wa kujificha. Alipeleka simu ya maandishi Nairobi, na jibu lilipokuja alilileta mwenyewe hotelini kwangu, akaketi mkabala na Losike, akalegeza tai. Nje mifugo ililia. Wazee walikuwa bado wanangoja, wamefunga safari ya siku ngapi sijui, na hakuna aliyelalamika.

"Nafasi ya mwaka huu imekwisha," Mutua alisema. "Lakini mwaka ujao unaweza kuomba tena, na mimi nitakusaidia kwa kila kitu. Ila kile kiapo cha kwanza kipo kwao. Siwezi kutuma cha pili kinachokipinga hivi hivi. Lazima mzee aape mbele yangu kwamba cha kwanza kilikuwa cha uongo. Asomewe kwa lugha yake, akubali, aweke kidole, na watu wawili wanaoijua mali yake washuhudie. Sitamshtaki. Mama Wahu anasikia, nakuahidi mbele yake."

"Hao watu wawili watatoka wapi?"

Mutua akatazama nje, kwa Lomuria na wenzake. "Si hao?"

Losike akainamisha kichwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilimsihi. Nilimwambia ni neno moja tu, mzee atalisahau, na Marekani utakuwa umeipata. Nilimwambia kwa sababu nilimpenda na nilitaka aende.

"Mama," alinijibu, "wale watu walimpa baba yangu wanyama kwa sababu ya mdomo wake. Hana kitu kingine. Leo asimame mbele yao, serikali imsomee kwamba yeye ni mwongo, naye aseme ndiyo? Kesho ataombaje hata maziwa?"

"Lakini alisema uongo, Losike," Mutua akasema kwa upole.

"Hakusema uongo. Alisema maneno ya siku ya kwanza."

"Basi niandike hivyo."

Mutua akatoa kalamu kweli. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Losike akamsaidia neno moja moja. Halafu wakafika mahali pa kutaja idadi ya wanyama, na hapo nikamwona Losike anacheka kicheko kibaya, maana hakuna mfugaji wa huku atakayekubali mifugo yake ihesabiwe hadharani. Ni kuiitia kifo. Mutua akaiweka kalamu chini. Alisema hajui jinsi ya kuliandika jambo hili likaeleweka ng'ambo, na naamini alisema kweli.

"Ukiamua, karatasi ninayo," alisema. "Ni wewe."

Losike alifikiri hadi chai ikapoa. Kisha akainuka, akalinyoosha shati lake, akatoka kwenda kwa wazee. Nilimfuata na birika, nikijifanya ninagawa chai.

Alichuchumaa mbele ya baba yake. "Apa," alisema kwa Kiturkana, na wakati huo nilikuwa ninakisikia vya kutosha, "binti amekwisha kupewa watu wengine."

Wazee wote wakamgeukia Akuwam.

"Watu gani?" Akuwam akauliza. "Walileta nini?"

"Sijui walileta nini. Walifika mapema."

"Lakini sisi hata siku ya pili hatujaimaliza."

"Ndiyo, apa."

Mzee aliigeukia mifugo, akaitazama yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilidhani atakasirika. Ningefurahi kama angekasirika.

"Basi ni mimi," alisema. "Nilikawia kukusanya."

"Si wewe. Ni watu wasio na subira."

"Nilikawia," mzee akarudia. Nilirudi jikoni nikaunguza mandazi yote ya siku ile.

Mifugo iliyokusanywa kwa posa hairudishwi kwa wenyewe mikono mitupu. Ni aibu na ni mkosi. Ikapelekwa mbele, njia ya Kakuma, kwa mzee mmoja mwenye binti aitwaye Nakeno, na safari hii mazungumzo yalikwenda siku baada ya siku kama inavyotakiwa. Watu wakadhani Losike ameozwa kwa nguvu. Nilimwuliza. Alisema Nakeno alikuwa amemtazama siku nyingi na yeye alikuwa anajifanya anasoma. Mke alikuwa mwema, na nyumbani kwao nilipenda kulala. Lakini nisidanganye: ndege ilipopita juu ya Kakuma, Losike aliacha alichokuwa anafanya akaitazama hadi ikatoweka.

Hakuomba chuo tena. Alipata cheti cha ualimu kwa njia ya kawaida, akabaki shuleni pale pale. Mzazi akiitwa ofisini kuandikisha hali yake kwa ajili ya msaada wa karo, Losike alikwenda naye, akaingia naye, akamwambia mlangoni, "Mzee, hawa si wakwe. Sema wanyama wote ulio nao." Wengine walibisha. Aliwangoja mpaka wakaelewa.

Mwaka 1979 mvua ilikataa, na Akuwam akaletwa Kakuma kwa mwanawe akiwa mgonjwa wa kifua. Nilipanda lori kwenda kumwona, na sukari kilo kadhaa mkobani. Alikuwa amelala kwenye ngozi, amebaki mifupa, na Nakeno alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Alinitambua. "Ejok, mama," alisema, sauti ikitoka kwa shida.

Baada ya uji akamwita mwanawe karibu. Aliuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu siku ile Lodwar.

"Wale watu wa ng'ambo. Hawakutuma neno tena?"

Hakukuwa na neno. Mimi ndiye niliyekaa jirani na posta, ningelijua kabla yake. Nikamtazama Losike, mtu ambaye hakuwahi kunidanganya hata juu ya deni la chai.

"Walituma, apa," alisema.

"Walisema nini?"

"Walisema walikosea. Walifanya haraka. Walisikia habari za mifugo yetu ilivyojaa Lodwar, wakajuta. Wanasema binti bado yupo, wanaomba turudi."

Mzee akataka kuinuka. Nakeno akampitishia mkono mgongoni akamwegemeza kifuani kwake. Macho ya mzee yalikuwa yamechangamka, na pumzi ikimpanda juu juu alicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeshinda.

"Wamechelewa," alisema. "Waambie ng'ombe wangu walikwisha kwenda kwa baba wa huyu." Akamgusa Nakeno mkono. "Waambie sisi pia ni watu. Haturudi."

"Nitawaambia, apa."

"Waambie kwa Kiingereza chao, wasije wakajifanya hawakusikia."

"Nitawaambia kwa Kiingereza," Losike akasema, na mimi nikatoka nje, nikalia.